Mashini inanesa nyuma? Kujua kama transomu ya boti ya faiba imeoza, na kuijenga upya

Juzi kijana mmoja anayebeba abiria Mokowe kuja Amu (Lamu) alinipigia simu, "Fundi, mashini yateza, ndoo unikazie bolti." Alikuwa amezikaza mwenyewe mara tatu mwezi huo na kila mara baada ya siku mbili tatu zinalegea tena. Nikaenda, maji yamekupwa na boti imelala mchangani, nikamwambia inua mashini juu, nikashika ule mguu wa chini karibu na propela nikaulalia kwa uzito wangu wote, na ubao mzima wa nyuma ukawa unafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki. Nikatoa bolti moja ya chini, maji meusi kama kahawa tungu yakaanza kuchuruzika kwenye tundu. Bolti zake zilikuwa nzima kabisa. Mbao ya kuzishika ndio haikuweko tena.

Boti kama ile naletewa kila baada ya masika, na karibu kila mwenyewe anafika ameshatumia pesa mahali pasipo na ugonjwa, huyu amenunua bolti mpya, yule amepaka silikoni mpaka boti imekuwa nyeupe, mwingine amebandikiwa faiba juu ya mbao iliyooza na sasa imeoza zaidi. Kwa hivyo nitaeleza dalili moja moja, kila moja inaweza kuwa nini, halafu kazi yenyewe inafanywaje.

Nikisema transomu namaanisha ule ubao wa tezi, pale mashini inapofungwa. Kwenye boti nyingi za faiba zinazotembea hapa si faiba tupu. Kuna ngozi ya faiba ya nje, katikati plaiwudi, mara nyingi shiti mbili za milimita 18 zimegandishwa pamoja zinakuwa 36, halafu ngozi ya faiba ya ndani. Nguvu yake inatoka kwa hivyo vitu vitatu kushikana vikawa kitu kimoja. Mbao ikioza, au ikiwa nzima lakini imebanduka kwenye faiba, kila ngozi inajipinda kivyake na mashini inaanza kucheza. Wazee wetu wa Matondoni wanaounda mashua wana raha moja, ubao wa tezi wanauona kwa macho, wakishuku wanaudunga kisu na jibu linapatikana hapo hapo. Faiba inaficha. Nje inang'aa, ndani ni uji.

Na watu wengi wanalaumu bahari. Mbao inaliwa na kuvu, na kuvu inataka maji, hewa na joto, chumvi inaipunguzia kasi lakini maji ya mvua inayapenda sana. Boti iliyofungwa bila turubai kuanzia Aprili mpaka Juni, ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapokusanyika, imejaa maji ya mvua na majani, hiyo inaoza haraka kuliko boti inayopigwa na bahari kila siku. Maji yanaingilia kwenye tundu dogo tu: tundu za bolti za mashini zilizotobolewa bila kuzibwa ndani, tundu la nguruzi, kile kizibo cha kutolea maji, ambalo ukichungulia unaona kingo za plaiwudi ziko wazi, skrubu mbili za kile kidude cha sona ya kutafutia samaki, skrubu za ngazi, zile za bati la alumini lililo juu ya transomu, na pembe za lile bwawa dogo mbele ya mashini. Likishaingia tone halitoki, linashuka chini kwenye plaiwudi na kukaa. Kwa hivyo kila mara swali langu la kwanza ni tundu liko wapi, maana ukijenga upya na tundu ukaliacha vile vile utarudi tena.

MASHINI INANESA UKIONGEZA MWENDO

Hii ndiyo inayoletwa sana, na si lazima iwe mbao imeoza, usikimbilie grainda. Mnahitajika watu wawili. Mmoja ashike mashini juu aitikise mbele na nyuma, mwingine aweke kidole pale bano la mashini linapogusa boti, nusu kidole kwenye chuma na nusu kwenye faiba, aangalie ni nini kinachotembea.

Kama bano limetulia tuli na boti imetulia lakini mashini yenyewe inatikisika, tatizo ni la mashini, raba za kushikilia zimechoka au bushi za pale inapozungukia zimelika, mwite fundi wa mashini, transomu yako iache. Kama bano linatembea juu ya faiba, aidha bolti zimelegea kweli au mbao ya ndani imepondeka, hapo kaza mara moja tu na uweke alama ya rangi kwenye nati. Ukirudi baada ya wiki uone alama ya nati haijasogea lakini bano linacheza tena, basi nati haikulegea, ni mbao inayoendelea kunywea ndani. Na kama bano na ubao vinatembea pamoja, na ule mpaka wa ubao na ubavu wa boti unafunguka, hiyo ni transomu au viungo vyake na sakafu, hakuna mjadala.

WOSHA ZINAZAMA NDANI YA FAIBA

Ukiangalia kwa ndani unaona wosha imekula faiba imeacha duara kama sahani. Saa zingine ni kwa sababu tu mtu aliweka wosha ndogo za dukani na akakaza kama anamkomoa mtu, kwenye mbao nzima hilo linatokea kidogo. Lakini wosha pana ikizama, chini yake ni laini. Toa hiyo bolti ya chini uingize bisibisi nyembamba kwenye tundu ukwaruze pembeni. Mbao nzima inakwaruza kavu na inatoa vumbi la njano, mbovu inatoka kama tumbaku iliyolowa na harufu yake ukiisikia mara moja huisahau, kama shimo la majani ya zamani.

NYUFA

Hapa watu wanashtuka bure na wakati mwingine hawashtuki pale panapofaa. Nyufa nyembamba kama nywele zilizotoka kama miale ya nyota, pale boti ilipojigonga kwenye jeti (gati) au nanga iliangukia, hizo mara nyingi ni za jelikoti tu, lile ganda la rangi la juu. Ufa wa kuogopa ni ule unaoanzia pembe ya bwawa la mashini ukashuka chini, au unaopita mlalo chini ya bolti za chini, na ukiulalia mguu wa mashini unaona ufa unapumua. Chora mwisho wa ufa kwa kalamu na uandike tarehe. Ukivuka alama, boti isibebe watu.

TEZI IMEZAMA NA BOTI HAIINUKI

Boti ilikuwa inaruka na watu 8 sasa na watu 5 inaburuta nyuma. Hii ina sababu nyingi na transomu ni mojawapo tu. Uliza kwanza kama mashini ilibadilishwa, maana wengi walitoa toustroko wakaweka forstroko ya nguvu ile ile na ile ya pili ni nzito zaidi, boti ya zamani haikupimiwa uzito huo. Halafu foamu ya chini ya sakafu, ikinyonya maji boti inabeba mzigo usioonekana. Na kama foamu imenyonya maji kuna uwezekano mkubwa ile mihimili ya mbao ya chini ya sakafu imeoza pia, na hiyo ndiyo inayoshikana na transomu. Nimewahi kufungua tezi nikidhani kazi ni ya wiki moja nikakuta mihimili yote miwili imekuwa udongo mpaka katikati ya boti. Kwa hivyo mpe mwenyewe hesabu ya kazi baada ya kutoboa na kuangalia, usimpe ukiwa umesimama kwenye jeti.

NGAMA INAJAA USIKU

Maji yakiingia boti ikiwa imetulia tu, angalia nguruzi kwanza, raba yake na ile shaba iliyozunguka tundu. Hii peke yake si kuoza, lakini ndio mlango. Ukitoa ile shaba ukakuta plaiwudi imefura na imekuwa nyeusi, umeshajua.

KUHAKIKISHA KABLA YA KUKATA

Chukua nyundo ndogo, au hata mpini wa bisibisi nzito, gonga ubao wote kuanzia juu kushuka chini, inchi kwa inchi, ndani na nje. Palipo pazima panaita ko ko ko, kavu. Palipooza au palipobanduka panaita bu, kama unagonga godoro. Zungushia kalamu. Sauti inadanganya kidogo kwenye pembe kwa sababu faiba ni nene pale, kwa hivyo usitoe hukumu kwa nyundo peke yake.

Halafu drili. Msumari wa milimita 3, toboa kwa NDANI ya boti, ukipita ngozi ya ndani uingie kwenye mbao usitokeze nje, weka utepe kwenye msumari kujua kina. Toboa chini kulia, chini kushoto, katikati karibu na nguruzi, chini ya bolti, na mbili juu. Angalia unga unaotoka kwenye kiganja. Wa njano na mkavu ni mzima. Wa kahawia na unaoshikana ukiufinya kama unga wa chapati, umelowa. Mweusi unaonuka au msumari ukazama ghafla kama unaingia kwenye ndizi, umeoza. Kila tundu ulilotoboa liandikie jibu lake hapo hapo kwenye faiba, ukimaliza umepata ramani. Na tundu hizo zizibe siku hiyo hiyo hata kama kazi itafanywa mwezi ujao.

Kama ramani inaonyesha ubovu umezunguka tundu moja tu, tuseme upana wa kiganja, na kwingine kote ni kavu, unaweza kuchimba hapo, ukakausha, ukajaza kwa epoksi (gundi ngumu ya resini) iliyotiwa unga wa silika na vipande vya faiba. Zaidi ya hapo, mimi sikubali kuviraka. Kuna wanaotoboa tundu nyingi na kumimina epoksi nyepesi wakitumaini mbao italewa igande, lakini mbao ikiwa na maji haiwezi kunywa epoksi, unagandisha tundu tu na katikati maji yamebaki. Bati la alumini ndani na nje lenye bolti ndefu linaweza kukurudisha nyumbani kutoka Kizingitini siku ya shida, hilo sikatai, lakini ni la kukurudisha nyumbani, si la kubebea watoto wa shule mwaka mzima.

KAZI YENYEWE

Wakati mzuri ni kaskazi, Januari mpaka Machi, kukavu. Pandisha boti na maji ya bamvua, maji yakijaa kabisa, ipande juu pale ambapo maji mafu hayatafika ufanye kazi bila kufukuzwa na bahari mara mbili kwa siku. Tengeneza kivuli cha makuti au turubai, resini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, na jua la saa sita haviendani. Toa mashini, mashini ya 40 ya toustroko ni kama kilo 70 na kitu, watu watatu na gogo, za 75 kwenda juu tafuta winchi usivunje mgongo.

Kabla ya kukata chochote pima. Urefu wa transomu katikati, kwa sababu mashini ya shafti fupi inataka inchi 15, ndefu inchi 20, ndefu zaidi inchi 25, na ukikosea hapo propela itavuta hewa au mguu utazama sana. Unene, kwa sababu bano la mashini lina kipimo chake. Mlalo wa ubao, kata kadibodi iweke nakala ya ule mlalo. Tundu za bolti, zichore kwenye kadibodi nyingine. Halafu ishike boti chini na pembeni kwa mbao ikae kama inavyokaa majini, ubao wa nyuma ukitoka mbavu zinaweza kufunguka au kujipinda na ukigandisha hivyo boti itakuwa imepinda maisha yake yote.

Ndani au nje? Mimi napenda kuingilia ndani, nakata ngozi ya ndani naacha ile ya nje, kwa sababu ya nje ndiyo yenye umbo na jelikoti na jina la boti. Ukikata, acha mdomo wa inchi 2 au 3 kuzunguka pembeni na chini ili faiba mpya ipate mahali pa kushika. Lakini kama sitaha na bwawa la mashini vimefungwa kabisa hupati nafasi ya mkono, ingilia nje, ni halali, utapata kazi zaidi ya kumalizia tu. Weka grainda na diski ya kukatia kina cha ngozi ya faiba pekee, usikate ngozi ya upande wa pili.

Vaa barakoa ya kweli, miwani, mikono mirefu. Vumbi la faiba linaingia kwenye vinyweleo na kwenye mapafu, paka poda ya watoto mikononi na shingoni kabla, na jioni oga maji baridi kwanza.

Mbao mbovu itatoka na patasi, nyingine kwa mikono. Zile sehemu nzima ndizo zinazosumbua, zimeshika kama zimezaliwa pale, zikate viraka viraka na uzichonge polepole. Toa yote. Yaani yote. Kipande kizuri ulichokiacha pembeni kwa uvivu kina mbegu za kuvu ndani. Halafu saga ngozi ya nje kwa ndani na diski ya namba 36 au 40 mpaka uone faiba safi isiyong'aa, na kingo za pembeni zilaze kwa mteremko, kila unene mmoja wa faiba upate mteremko wa mara 12 yake, ndio kiungo kitashika. Futa kwa asitoni, iache ikauke. Kama ngozi ina unyevu iache siku kadhaa na feni, hapa haraka haina faida yoyote.

Plaiwudi. Tafuta ya marini, yenye muhuri wa BS 1088 kama unaweza kuipata Mombasa, gundi yake haiachi kwa maji na ndani haina mapengo. Ukipewa plaiwudi ukaambiwa ni ya marini na huna imani, chemsha kipande kwenye sufuria saa kadhaa, ukiona kinafunguka kurasa kama kitabu mrudishie mwenyewe. Wengine wananiuliza kwa nini nisiweke mbambakofi, si ndio mbao ya maana? Kwa mashua ndiyo, sana. Lakini ubao mzima unafura na kunywea upande mmoja kila majira yakibadilika, na faiba haifuri, kwa hivyo baada ya muda unajibandua wenyewe. Plaiwudi imepishana nyuzi, inatulia.

Resini. Kama mfuko unaruhusu tumia epoksi kwa kugandisha mbao, inashika mbao kuliko poliesta, ile resini ya kawaida ya boti. Kama ni poliesta, na boti nyingi zimejengwa nayo na zinaishi, basi mbao iloweshe vizuri kwanza na katikati ya mbao na ngozi weka mati ya faiba iliyolowa, usitegemee resini tupu. Kumbuka mpangilio: epoksi juu ya poliesta ya zamani iliyosagwa inashika, poliesta juu ya epoksi inasumbua kukauka. Ile mati ya kawaida ya nyuzi zilizokatwa imetengenezwa kwa ajili ya poliesta, gundi yake haiyeyuki kwenye epoksi, kwa epoksi tafuta kitambaa cha nyuzi zilizoshonwa.

Na hapa naomba msome mara mbili: kama resini yako inakuja na kobalti (dawa ya kuharakisha) kando na hadina (dawa ya kugandisha) kando, USIVICHANGANYE hivyo viwili moja kwa moja hata kwa tone, vinalipuka. Kobalti kwenye resini kwanza, koroga kabisa, ndipo hadina. Na hadina ikiingia jicho inaweza kulipofua, weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa.

Gandisha shiti mbili za plaiwudi pamoja, kata kwa kipimo cha kadibodi ukiacha pengo dogo la milimita chache kuzunguka ili kona isigongane na faiba. Paka mbao yote resini, kingo zaidi ya mahali popote kwa sababu kingo ndizo zinanyonya kama sponji, rudia mpaka ziache kunyonya. Paka jioni, jua likipungua. Ukipaka asubuhi mbao inapata joto kadiri siku inavyokwenda, hewa ya ndani inapanuka inatoka na kukuachia vipovu kama vya sabuni. Jioni mbao inapoa na inavuta resini ndani.

Kuibandika, changanya epoksi na unga wa silika mpaka iwe kama siagi ya karanga, sambaza kwa mwiko wenye meno kwenye ngozi yote, ingiza mbao, ishindilie kutoka katikati kwenda nje mpaka ziada itokeze kila upande. Pasipotokeza kitu kuna pengo. Kwa klampu tumia mbao mbili ndefu nje na ndani na bolti zipite kwenye tundu za zamani za mashini zikiwa zimefungwa kwa karatasi ya nailoni zisigande. Kaza mpaka ikae, usikamue gundi yote ikatoka.

Kesho yake, jaza pembe zote za ndani kwa mchanganyiko huo huo wa epoksi na silika uulaze kwa mgongo wa kijiko, pembe iwe mviringo, maana faiba haipendi kona kali, inaacha hewa nyuma. Halafu faiba yenyewe. Funga ubao na mbavu na sakafu kwa vipande, cha kwanza kiende inchi 4 kwenye ubavu, cha pili 6, cha tatu 8, kila kimoja kikipita kingine ili nguvu isiishie mstari mmoja. Juu yake tabaka tatu au nne zifunike ubao wote. Ukitumia mati na rovingi, kile kitambaa kizito cha kufumwa, pishanisha. Rola ya chuma, polepole, toa hewa yote. Mwisho rudisha zile mbao za pembe tatu zinazounganisha ubao na mihimili ya chini, watu wanazisahau kisha wanashangaa kwa nini ubao mpya unanesa.

MAMBO YANAYOHARIBIKA KATIKATI YA KAZI

Resini imekaa siku mbili bado inanata. Kama ni poliesta na inanata juu tu lakini chini ni ngumu, hiyo ni kawaida, hewa inaizuia, tabaka la mwisho linataka resini yenye nta. Kama ni laini mpaka chini, hadina ilikuwa kidogo au haikukorogwa, au mbao ilikuwa na maji. Kwangua utoe, usipake nyingine juu ukiomba Mungu. Kwa epoksi ikinata mara nyingi maana yake kipimo kilikosewa, epoksi haiongezewi hadina ili ikauke haraka, kipimo chake ni kimoja tu.

Kopo linatoa moshi. Umechanganya nyingi na kuiacha kwenye kopo refu. Toa nje, usiliweke karibu na asitoni. Siku ya joto gramu 10 za hadina kwa kilo moja ya poliesta zinatosha, lakini usishuke chini ya hapo kwa kuogopa joto, haitaiva sawasawa. Bora uchanganye kidogo kidogo kwenye chombo kipana na uanze baada ya alfajiri. Na usiweke tabaka zote nne kwa mpigo, joto la ndani linaweza kupasua kazi.

Madoa meupe ndani ya faiba ni pakavu, resini haikufika. Epoksi ikiwa na ute kama mafuta asubuhi, osha kwa maji na brashi ngumu ndipo usage, usisage kwanza maana unausukumia ndani.

TUNDU

Kila tundu linalopita kwenye mbao litoboe kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi nzito, ikikauka toboa tena tundu la kipimo katikati. Sasa bolti inapita kwenye epoksi, hata silikoni ikichoka maji hayaioni mbao. Nguruzi fanya hivyo hivyo. Kidude cha sona usikipige skrubu kwenye ubao, gandisha kipande cha plastiki nene nje kwa gundi na skrubu ziishie kwenye plastiki.

Bolti za stenlesi 316, wosha pana au bati la alumini kwa ndani, Sikaflex ya marini upande wa nje. Kaza kidogo, iache ikauke siku yake, ndipo umalize kukaza. Lile bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti au juu kidogo, ukianzia hapo hukosei sana.

Yule kijana wa Mokowe tulimkuta na tundu mbili za ngazi ambayo hata haiko tena, mtu aliing'oa miaka nyuma akaacha skrubu ndani na rangi juu. Boti imerudi majini, nimemwambia baada ya safari 10 za kwanza, pamoja na zile za kupita mlango wa maji wa Mkanda akienda Pate, aje maji yakikupwa niulalie tena ule mguu na nigonge chini ya nguruzi kwa nyundo.